Sufuria ya Saa Sita Usiku Mjini Napoli

Tangu niliporudi kutoka Italia, wapo watu wanaokuja ofisini kwangu kuandikisha ndoa au kutafuta cheti cha ubatizo, na wakiisha kupata walichofuata hawaondoki. Huvuta benchi wakaniambia, "Haya, Karani, tueleze ya Roma." Ya Roma nimeyaeleza mpaka mate yamenikauka: ukubwa wa kanisa, wingi wa watu, bei ya maji ya kunywa. Lakini jambo lililonikaa moyoni kuliko yote sikulipata Roma. Nililipata Napoli, katika jiko dogo lisilozidi upana wa ofisi yangu, saa sita ya usiku, nalo lilikuwa sufuria ya tambi.

Najua mtacheka. Hata mimi tambi nilianza kwa kuzicheka. Nilipokuwa mtoto huku kwetu Iringa, misioni walikuwako masista Waitalia, nami nilikuwa nikiwachotea maji ya jikoni. Siku moja nikaona sista mmoja mzee anatoa katika sufuria nyuzi ndefu nyeupe zenye kuteleza, nikatupa ndoo nikakimbia nikipiga kelele kwamba masista wanakula minyoo. Nilichapwa nyumbani kwa sababu ya maneno hayo. Basi, miaka mingi baadaye, pale Napoli, nikasoma juu ya pakiti neno "vermicelli", nikauliza maana yake. Wakanijibu: viminyoo. Kumbe nilichapwa bure.

Wenzetu wa pwani tambi wanazijua sana, ila wao huzipika kwa sukari, tui la nazi na iliki, hasa katika mwezi wa Ramadhani na sikukuu ya Idi. Waitalia huzipika kwa chumvi, zikawa kwao kama ugali ulivyo kwetu. Wako watu wanaosema kwamba zililetwa Ulaya na msafiri Marco Polo alipotoka Uchina mwaka 1295. Si kweli. Mwarabu mmoja mwenye elimu ya jiografia, al-Idrisi, aliyemtumikia Mfalme Roger wa Sicilia, aliandika mwaka 1154 kwamba mahali paitwapo Trabia, karibu na Palermo, watu walitengeneza tambi kavu nyingi na kuzipakia merikebuni, zikapelekwa katika nchi za Waislamu na za Wakristo. Miaka mia moja na arobaini kabla ya Marco Polo kurudi kwao, watu walikuwa wakizila.

Turudi katika safari. Parokia yetu ina urafiki na parokia moja ya Napoli, na mwezi wa Septemba 2018 tulialikwa watu watatu: Padre, mama mmoja wa halmashauri, na mimi niliyechaguliwa kwa sababu ya Kiitalia changu cha ndoo za maji. Kila mtu akapewa nyumba yake ya kukaa. Mimi nikapelekwa kwa familia moja katika mtaa wa zamani, ambako vichochoro ni vyembamba hata jua haliwezi kufika chini. Nyumba zake ni za mawe, zenye ghorofa nne au tano, na katikati, juu ya vichwa vya wapitao, nguo zimeanikwa kwenye kamba kutoka dirisha hili mpaka dirisha lile. Mama aliyeko ghorofa ya nne akitaka kununua kitu hana haja ya kushuka. Huteremsha kikapu kwa kamba. Na ukitoka nje ya vichochoro hivyo ukafika baharini, unauona mlima Vesuvio umekaa kimya, wenye urefu wa mita 1,281. Mlima huo ulitapika moto mara ya mwisho mwaka 1944. Watu wanalala chini yake na kuzaa watoto chini yake, wala hawautazami zaidi ya sisi tunavyoutazama mwembe wa shuleni.

Katika nyumba hiyo walikuwamo baba, mama, kijana wao wa miaka ishirini na miwili, na binti mmoja wa shule. Baba huendesha basi la mjini zamu ya jioni, na hurudi saa sita ya usiku. Walinipokea kama ndugu. Lakini mgeni hata akiwa mjinga hutambua nyumba yenye jambo. Baba na kijana walikuwa hawasemezani. Kijana akiingia chumbani, baba huchukua gazeti; baba akiingia, kijana hukumbuka shughuli dukani. Siku ya tatu mama akanieleza. Kijana alikuwa amepata kazi kiwandani Torino, huko kaskazini, karibu kilometa mia tisa kutoka nyumbani. Huku kusini kazi ni chache, na tangu zamani vijana wa Napoli wamekuwa wakipanda gari la moshi kwenda kaskazini, kwenda Ujerumani, hata kwenda Amerika. Ndugu wawili wa baba huyu walikwenda hivyo hivyo wangali vijana, hawakurudi ila kwa mazishi. Ndiyo sababu alikuwa amenyamaza. Kijana alipaswa kuondoka alfajiri ya Jumamosi, siku moja kabla ya sisi kuondoka.

Ijumaa, siku ya mwisho, mama akataka twende naye Gragnano, yeye na kijana na mimi. Ni mji mdogo, kiasi cha kilometa thelathini kutoka Napoli, chini ya milima iitwayo Lattari. Baba yake mama huyo, ambaye sasa ni marehemu, alifanya kazi ya tambi pale tangu utoto. Napenda kukaa kidogo katika habari ya mji huu, maana sijapata kuona mji uliojengwa kwa ajili ya chakula kimoja.

Kwanza, kuna bonde lenye kijito kitokacho milimani, na kandokando yake magofu ya vinu vya maji vilivyosaga ngano zamani. Bonde lenyewe huitwa Bonde la Vinu. Pili, kuna njia kuu ya mji. Katika karne ya kumi na tisa waliipanga upya ili iwe pana na kupata jua na upepo vizuri, kwa sababu njia hiyo ndiyo iliyokuwa uchanja wa kuanikia. Tulionyeshwa picha za zamani: fito zimepangwa mistari kwa mistari pande zote mbili za njia, na juu ya kila ufito tambi zinaning'inia ndefu kama nywele za bibi harusi, na watoto wamesimama kuzilinda na kuzigeuza. Upepo wa bahari una unyevu, upepo wa milima ni mkavu, nao hupokezana mchana na usiku, basi tambi zilikauka polepole bila kupasuka. Mtu aliyeijua kazi alizijua hali za upepo kama mvuvi. Siku hizi huzikausha ndani ya vyumba vya mashine, lakini viwanda vilivyo makini bado huzikausha polepole kwa joto dogo, tena bado husukuma unga katika matundu ya shaba nyeusi. Niliuliza kwa nini isiwe chuma laini cha kisasa. Fundi akachukua uzi mmoja akaupitisha kwenye kidole changu. Ulikuwa unakwaruza kidogo, kama msasa wa namba ndogo. Akasema matundu ya shaba nyeusi huacha ukwaruzo huo, na mafuta hushika palipo na ukwaruzo. Palipo laini huteleza yakabaki sahanini.

Na unga wake si wa ngano hii ya mikate na maandazi. Ni ngano ngumu, ambayo ikisagwa hutoa chengachenga za rangi ya manjano. Zamani iliyosifiwa zaidi ilitoka Urusi, katika bandari ya Taganrog, ikaletwa kwa merikebu mpaka mapinduzi ya mwaka 1917 yalipokomesha biashara ile. Tangu mwaka 1967 iko sheria ya Italia kwamba tambi kavu zinazotengenezwa nchini humo lazima ziwe za ngano ngumu. Tambi za ngano laini huiva haraka na kugeuka uji. Mwenye kununua dukani atazame pakiti.

Mama alinunua pakiti mbili. Kijana akamwambia, "Mama, hata Torino zipo." Mama hakumjibu.

Usiku ule binti alilala mapema kidogo, nami nikajilaza kwa kuwa miguu ilikuwa inaniuma. Saa tano na nusu nikasikia sufuria. Nikaamka, nikamkuta mama amevaa aproni, na kijana amesimama karibu naye mikono mifukoni. Kumbe jikoni mlikuwa hamna kitu. Nyama ilikuwa imeliwa mchana, soko limefungwa, na chakula cha kuagana alichokusudia kukipika kesho yake hakingeweza kupikwa, kwa kuwa kijana alikuwa amepashwa habari jioni ile tu kwamba treni yake inaondoka mapema kuliko walivyodhani. Mimi ningekuwa yule mama ningelia. Yeye alifungua kabati akatoa tambi za Gragnano, kichwa cha kitunguu saumu, pilipili kavu mbili na chupa ya mafuta ya zeituni. Akasema, "Yatosha. Na leo utapika wewe, maana huko hakuna mama."

Waitalia wana chakula hiki kwa ajili ya saa kama hiyo, saa ambayo duka limefungwa na tumbo halijafungwa. Hukiita "aglio e olio", yaani kitunguu saumu na mafuta. Watu wa Napoli wana mzaha mwingine. Maskini akitamani tambi za chaza, naye chaza hana, hupika kila kitu kama kawaida bila chaza, akasema ni tambi za chaza waliokimbia.

Sasa nawaeleza alivyofundisha, maana mimi nimesoma chuo cha ualimu na somo zuri nalitambua. Hakushika kitu hata kimoja kwa mkono wake. Alisimama nyuma, akasema.

"Weka maji." Kijana akaweka maji kidogo. "Hayo ni ya kuogea paka. Ongeza." Kipimo chake kilikuwa lita moja ya maji kwa kila gramu mia za tambi, na gramu mia ndiyo sehemu ya mtu mmoja mwenye njaa. Tulikuwa watu watano, basi lita tano. Yakichemka ndipo chumvi hutiwa, gramu kumi kwa kila lita. Tambi hazitapata chumvi mahali pengine popote. Kijana akataka kuzivunja ziingie vizuri sufuriani. Nilidhani mama atampiga. Akamwonyesha kuzisimamisha, zikalainika chini na kuzama zenyewe. Akataka kutia mafuta ndani ya maji ili zisishikane. "Zikoroge," mama akasema. "Mafuta yana kazi nyingine."

Kitunguu saumu ndicho kilicholeta shida. Punje nne zilikatwa vipande vyembamba, zikatiwa pamoja na pilipili katika mafuta yaliyo baridi bado, ndipo moto ukawashwa, tena mdogo. Mafuta yakipashwa kwanza, kitunguu huungua nje kabla hakijatoa utamu wake. Kinatakiwa kiwe na rangi ya majani makavu ya mgomba, kisizidi. Kijana akageuka kunisemesha jambo la mpira, na tulipotazama kilikuwa cheusi. Alitaka kuendelea hivyo hivyo. Mama akachukua kikaango, akamwaga yote, mafuta mazuri ya bei kubwa, akamrudishia kikaango kitupu. "Kikiungua ni kichungu, na uchungu wake hauondoki. Anza tena." Nilimwona kijana amekasirika. Kisha akacheka. Akaanza tena, na safari hii hakubandua macho.

Dakika mbili kabla tambi hazijaiva, akachota kikombe cha maji yake. Maji hayo ni meupe kwa wanga. Akachuja tambi, akazitia kikaangoni juu ya moto, akamimina yale maji kidogo kidogo huku akirusharusha kikaango. Hapa mimi nilistaajabu. Sote tunajua maji na mafuta hayapatani. Lakini maji yale yenye wanga yalichanganyika na mafuta yakawa mchuzi mzito kidogo, wenye kung'aa, ukazivaa tambi zote. Hakuna unga uliotiwa wala maziwa. Kumbe yale maji ambayo mimi ningeyamwaga ndiyo mchuzi wenyewe. Jibini hawakutia. Mama alisema harufu ya kitunguu inatosha, na anayetaka jibini aoe huko kaskazini.

Mlango ukafunguka. Baba ameingia na sare yake ya kazi. Alisimama akatazama: mwanawe na kikaango mkononi, karani Mwafrika na uma, mke wake amekaa kitini kwa mara ya kwanza tangu nilipofika, na binti ametoka chumbani na nywele zimesimama kwa sababu ya harufu. Akavua kofia. Akaketi.

Tukasali, tukala. Chakula hiki hakingoji. Kikipoa hukauka kama kamba. Hakuna aliyesema. Nilimtazama baba akizungusha uma wake, mara moja, mara mbili. Kisha akasema, "Chumvi imepungua." Moyo wangu ukadunda. Kijana akainamisha kichwa. Baba akamaliza sahani, akaisukuma mbele, akasema, "Niongeze."

Ndiyo maneno waliyosemezana. Nimeandika yote, sikuacha neno. Baadaye walikaa wawili mezani mpaka karibu saa nane, nikawasikia kutoka chumbani kwangu, na sikuelewa walisema nini kwa kuwa walisema Kinapoli. Alfajiri baba ndiye aliyebeba begi mpaka kituoni, ingawa alikuwa amelala saa mbili tu. Kabla ya kulifunga alitia ndani pakiti ya pili ya tambi za Gragnano. Kijana hakusema kwamba hata Torino zipo.

Nami nilirudi nyumbani na hamu ya kuwaonyesha jamaa zangu. Tambi zinapatikana dukani Iringa, nikazitazama pakiti kama nilivyofundishwa. Mafuta ya zeituni huku ni ghali mno, basi nikatumia ya alizeti, ambayo ladha yake ni nyepesi zaidi lakini si mabaya. Vitunguu saumu na pilipili tunavyo wenyewe shambani. Nikamwambia mke wangu akae kitini, leo baba watoto anapika. Akakaa, akaita na jirani aje kutazama.

Sikuwa nimefikiri habari ya moto. Jiko la gesi la Napoli unazungusha kitufe na moto unakuwa mdogo. Jiko la mkaa halina kitufe. Kitunguu changu kilikuwa cheusi kabla sijakamata kijiko. Nilitaka kuendelea hivyo hivyo. Nikamkumbuka yule mama, nikamwaga, na mke wangu alipoona mafuta yanamwagwa alisema maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Mara ya pili nikatafuta njia: niliacha mkaa ufifie mpaka ukavaa majivu, nikaweka kikaango, na kila kitunguu kilipoanza kuchachatika nilikiipua nikakishika hewani, kisha nikakirudisha. Mkono uliniuma lakini rangi ya mgomba ilipatikana. Wenye kupikia kuni kwenye mafiga wavute kuni nje kabisa, wabaki na makaa tu.

Watoto walikula wakaomba tena. Jirani alisema ni kitamu lakini hakishibishi, akaenda kwake kula ugali. Mke wangu alikula akanyamaza, kisha akasema, "Chumvi imepungua," kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kumsimulia.

Ilipofika Desemba nikapata ujumbe wa simu kutoka Torino. Kijana alikuwa anatoka zamu ya usiku, na katika chumba chake wanakaa vijana watatu, na jiko lao ni la umeme, linalochelewa kupoa ukishalizima. Aliandika kwamba vitunguu vimeungua mara tatu na mafuta yanakwisha, na kwamba kumwuliza mama yake anaona haya. Nikamjibu akiipue kikaango akishike hewani.

Kesho yake akanijibu kwa neno moja tu, la kwamba yamekubali. Chini yake akaniandikia kwamba baba anakuja kumtazama sikukuu ya Noeli, atafika kwa treni ya usiku.